Mshauri wa Milimita

Nilikaa miaka kumi na saba kwenye meza iliyo nje ya mlango wa ofisi ya ushauri wa masomo, na katika miaka hiyo nilihudumia washauri watano. Wanne wa kwanza walikuwa watu wema, siwasengenyi. Lakini kazi yao ilikuwa kugonga muhuri. Mwanafunzi anaingia na fomu ya kuchagua kozi, mshauri anauliza, "Umesoma maelekezo?" Mwanafunzi anajibu ndiyo hata kama hajayaona, muhuri unagongwa, mwingine anaitwa. Asubuhi moja nilihesabu wanafunzi sitini na wawili kabla ya saa ya chai, na mimi katibu muhtasi wao nilijivunia kasi ile kama vile tulikuwa tunashindana mbio.

Wa tano ndiye ninayetaka kumsimulia. Wanafunzi walimpachika jina la Bi Ratiba. Alihamishiwa kwetu kutoka ofisi ya udahili, ambako inasemekana alikuwa na maneno mengi kwenye vikao, na adhabu ya mtu mwenye maneno mengi pale chuoni ilikuwa kupelekwa mwisho wa korido, jirani na stoo ya viti vibovu. Mwanamke mfupi, wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya kuita watu waliovuka barabara. Siku ya kwanza aliniuliza muhuri uko wapi. Nikampa. Akautia kwenye droo, akafunga.

"Shangazi," akaniambia, maana chuo kizima kiliniita hivyo, "kwanza tuwaone watu wenyewe."

Nikajisemea moyoni, huyu hamalizi muhula.

Wiki ya pili akaja mama mmoja na binti yake. Mama alikuwa fundi cherehani. Nilijua kabla hajasema, kwa sababu futi yake ya kupimia nguo ilikuwa bado shingoni, ameisahau. Binti alikuwa mrefu, amebeba mkoba wake kwa mbele, mikono miwili, kama anayebeba trei ya glasi. Niliwasalimu. Mama akaitikia. Binti akatazama dari.

"Taa yenu inalia," akasema.

Niliona ni utovu wa adabu. Bi Ratiba alikuwa amesimama mlangoni. Aliinua kichwa, akatega sikio muda mrefu kidogo, kisha akaenda ukutani akaizima.

"Kweli inalia," akasema. "Ingieni, mwanga wa dirisha unatosha."

Ukuta wa ofisi ile ni mbao nyembamba. Sikuwa nachungulia, lakini masikio hayana mlango. Nilimsikia mama akisema, "Mwalimu, mwanangu ana usonji. Daktari alituambia akiwa na miaka tisa. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na jina lake la kumpa: mkaidi, jeuri, ana kiburi. Si mgonjwa, na wala si mjinga. Mambo anayashika kwa njia yake. Sekondari nilikuwa namsindikiza, nakaa nje ya geti na kazi zangu za mkono mpaka saa ya kutoka. Hapa wameniambia mzazi haruhusiwi. Sasa namwacha kwa nani?"

"Mwache kwangu, mama," Bi Ratiba akasema. Kisha nikasikia kiti kikigeuzwa. "Na wewe binti, unataka kusoma nini?"

"Upimaji ardhi."

"Kwa nini upimaji?"

"Kwa sababu ukipima vizuri leo, na kesho ukapima vizuri, jibu ni lile lile. Watu hawako hivyo."

Bi Ratiba alicheka. Binti hakucheka, hakuwa ametania.

Wenzake darasani walimwita Milimita, na mimi nitamwita hivyo kwa sababu mwenyewe alilipenda. Mtu akisema "kama mita mbili hivi," yeye alimwambia ni mita moja na milimita mia nane na arobaini. Walimpa jina lile kwa dhihaka. Yeye aliona ni cheo, akaliandika kwenye madaftari yake yote.

Sasa nisije nikawafanya mdhani Bi Ratiba alizaliwa anajua. Siku ile ya kwanza alimpa Milimita ushauri ambao washauri wote duniani hutoa. Alimwambia, "Ukipata shida yoyote, usisite, pita wakati wowote." Akamtoa mpaka kwenye ngazi. Na wiki saba zikapita Milimita hajaonekana.

"Yule binti anaendelea vizuri," Bi Ratiba aliniambia siku moja. "Hata hatumwoni."

Ndipo ikaja orodha ya alama za katikati ya muhula. Milimita alikuwa na sifuri katika masomo matatu. Si alama ndogo. Sifuri.

Nilitumwa kumwita. Alikuja, akakaa, mkoba mapajani. Bi Ratiba akamwonyesha karatasi.

"Hizi kazi hukufanya?"

"Nilifanya."

"Zote?"

"Zote. Ni kumi na moja." Akafungua mkoba, akazitoa, kila moja kwenye bahasha yake ya plastiki, zimepangwa kwa tarehe, na kila tarehe ilikuwa ya siku moja kabla ya mwisho wa kukusanya.

Bi Ratiba alizishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. "Mbona hukuzipeleka?"

"Mhadhiri alisema kazi zikusanywe na kiongozi wa kundi. Alisema tuchague makundi wenyewe. Nilisubiri kuchaguliwa. Hakuna aliyenichagua. Kwa hiyo sina kundi, na asiye na kundi hana kiongozi."

"Wiki saba! Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Ulisema nije nikipata shida. Kazi nilikuwa nimezimaliza. Kazi iliyomalizika si shida."

Nilidhani Bi Ratiba angegomba, maana mimi ningegomba. Badala yake alisema, polepole, "Kosa ni langu. Nilikupa neno ambalo halina vipimo."

Binti alipoondoka, Bi Ratiba alitoka akaja kuegemea meza yangu, ameshika tama. "Shangazi, nimemwangusha mtoto wa watu kwa sentensi moja," akasema. Halafu akazoa zile bahasha kumi na moja akaenda nazo, mhadhiri mmoja baada ya mwingine. Wawili walizipokea, tena kwa aibu. Wa tatu alikuwa yule ambaye wanafunzi walimwita Chuma, mkuu wa idara ya upimaji, mtu ambaye hata tabasamu alilitoa kwa kipimo. Chuma alisema kazi iliyochelewa imechelewa. Bi Ratiba akabishana naye saa nzima, akarudi mikono mitupu. Somo lile Milimita alilirudia mwaka uliofuata, na ndiyo sababu alikuja kumaliza chuo mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Bi Ratiba hakujisamehe upesi, nami sikumwambia ajisamehe.

Lakini kilichonifanya nianze kumwangalia kwa jicho jingine ni alichofanya Jumatatu iliyofuata. Alimwita Milimita akamwambia, "Nimesomea ushauri miaka miwili, na wewe hukuwemo kwenye vitabu vyangu. Niandikie namna ya kukushauri."

Milimita aliandika kurasa sita. Mimi ndiye niliyezichapa, kwa hiyo nazikumbuka. Aliandika: "Usiseme karibuni. Sema tarehe. Usiniulize mambo vipi, kwa sababu mambo ni mengi. Uliza somo moja. Nikitazama pembeni nasikiliza zaidi kuliko nikikutazama machoni. Nikinyamaza usirudie swali kwa maneno mengine, kwa sababu hapo yanakuwa maswali mawili." Na katika ukurasa wa tano: "Ukikosea niambie umekosea, kama ulivyofanya tarehe kumi na nne. Hiyo ilinisaidia."

Bi Ratiba alizisoma kwa penseli mkononi, kama anayejiandaa kwa mtihani. Tangu hapo walikutana kila Jumanne saa nne na robo. Si saa nne kamili, kwa sababu saa nne korido hujaa wanafunzi wanaobadilisha madarasa, na kelele zile zilimchosha Milimita kabla hajafika mlangoni. Robo saa tu ya kusogeza, na kikao kizima kikawa kingine. Baada ya kila kikao waliandika kwenye karatasi moja walichokubaliana, nani atafanya nini, mpaka lini, wakatia sahihi wote wawili. Walikaa hata wakatafuta maana ya shida. Walibishana Jumanne mbili. Mwishowe wakaandika: shida ni jambo lolote linalokufanya usubiri zaidi ya siku mbili bila kujua unasubiri nini.

Ile sentensi niliibandika ukutani kwangu. Wahadhiri waliokuja kusaini barua walikuwa wakiisoma kabla ya kushika kalamu.

Habari zikaenea. Mwaka wa pili tulikuwa na wanafunzi tisa wa namna ile, wengine wana barua za daktari, wengine hawana chochote ila miaka ya kuitwa wakaidi. Bi Ratiba hakuwatendea wote sawa, na hapo ndipo palikuwa na ufundi wake. Mmoja alitaka waongee wakitembea. Mwingine hakutaka kuongea kabisa, wakawa wanaandikiana, wamekaa meza moja, karatasi inakwenda na kurudi. Kijana mmoja wa uhasibu alimshinda. Alifanya naye kila alichojua, na bado siku moja kijana alifunga vitu vyake akaenda kwao, akakataa kurudi. Bi Ratiba aliingia stoo ya viti vibovu akafunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akaniuliza nani anafuata.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka wa tatu wanafunzi wa upimaji hufanya kazi ya vitendo. Wanagawanywa watatu watatu, wanapewa chombo kinachoitwa leveli, ambacho ni kama darubini iliyosimama kwenye miguu mitatu, na rula ndefu kumpita mtu, yenye namba. Pale chuoni kuna nguzo fupi za zege zinazoitwa bikoni, na kimo cha kila bikoni kimeandikwa kwenye daftari la idara. Kazi yenyewe ni hii: unaanza kwenye bikoni ya getini, unapima hatua kwa hatua mpaka bikoni iliyo nyuma ya maktaba, na ukifika hesabu yako lazima ikubaliane na daftari. Ikipishana isizidi milimita nane. Ikizidi, umekosea, rudia.

Safari hii makundi yalipangwa na idara, kwa ombi la maandishi la Bi Ratiba. Milimita aliwekwa na vijana wawili, mmoja mwenye kofia asiyeivua hata darasani, na mwingine mcheshi aliyeitwa Spika kwa kupenda kuongea. Walipima. Hesabu ikapishana kwa milimita thelathini na moja. Wakarudia. Thelathini.

Makundi mengine kumi na moja yalikuwa yameshamaliza na kwenda zao, hesabu zao safi kabisa.

"Tupunguze kidogo kidogo katikati," Spika akasema. "Huku mbili, kule tatu. Nani atajua?"

"Huko ni kupika namba," Milimita akasema.

"Kila mtu anapika, dada. Ndiyo maana wameshiba na sisi tuko juani."

Milimita alikataa kusaini. Wakambembeleza, kisha wakampigia kelele, na yule wa kofia akamshika bega. Milimita hapendi kushikwa. Aliangusha daftari, akaondoka, akaenda kukaa kwenye chumba cha vifaa, katikati ya rafu, mikono masikioni, kwa muda wa saa mbili. Vijana walipika namba zao, wakasaini wawili, wakaripoti kwamba mwenzao aliwatoroka kazini.

Chuma aliandika barua siku ile ile. Alisema upimaji ni kazi ya watu kushirikiana, na asiyeweza kukaa na kundi hawezi kuwa mpimaji. Alipendekeza Milimita ahamishiwe fani nyingine. Kamati ya taaluma ingekaa baada ya siku nane.

Jumanne, saa nne na robo, Milimita alikuja na barua ile mkononi.

Bi Ratiba aliisoma, akaiweka chini. "Nina maswali matatu. Nikuulize moja moja?"

"Ndiyo."

"Bado unataka kuwa mpimaji?"

"Ndiyo."

"Una hakika na vipimo vyako?"

Hapo Milimita alichelewa kujibu. Bi Ratiba hakurudia swali.

"Nina vipimo viwili vinavyokaribiana," binti akasema hatimaye. "Nahitaji cha tatu, na mshika rula asiyejua jibu linalotakiwa. Wote darasani wanalijua."

"Mimi silijui hata swali," Bi Ratiba akasema. "Naweza kushika rula. La tatu lilikuwa unahitaji nini, na umeshalijibu."

Jumamosi asubuhi tulikuwa getini sisi watatu. Nasema watatu kwa sababu nilijitia na mimi, kumbe nilikuwa na kazi. Mtunza vifaa alitoa leveli kwa sahihi ya Bi Ratiba. Bi Ratiba alivaa viatu vya ofisini, hakuwa na vingine vya maana, akabeba rula ndefu kuliko yeye mara mbili. Mimi nilipewa mwavuli. Nikaufungua juu ya kichwa changu.

"Si wako, Shangazi," Milimita akasema. "Ni wa chombo. Jua likikipiga upande mmoja kinadanganya."

Basi nikakaa asubuhi nzima nikikifunika kivuli chombo, mimi mwenyewe nikiiva.

Na siku ile nilimwona Milimita ambaye sikuwahi kumwona. Yule binti aliyebeba mkoba kama trei alikuwa amesimama nyuma ya leveli akitoa amri, na kila amri ilikuwa wazi kama maji ya glasi. "Mwalimu, weka rula juu ya kile kibao cha chuma, si juu ya udongo. Egemeza kwangu kidole kimoja. Rudisha nusu. Simama hapo. Usinitazame mimi, tazama kiputo cha hewa kwenye rula kiwe katikati." Hakuna "hivi hivi," hakuna "hapo hapo." Bi Ratiba, ambaye mkuu wa chuo mwenyewe alikuwa akimkwepa, alitii kama kuruta. Vituo kumi na tisa, kwa muda wa saa tatu na nusu. Jasho likamtiririka, rula ikamtetemesha mikono, kisigino kimoja kikang'oka kwenye mawe ya maktaba, akavua viatu vyote viwili akaendelea peku. Hakuuliza hata mara moja kama jibu linakuja zuri.

Mwisho Milimita alikaa kwenye nyasi akajumlisha. Akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu.

"Thelathini na moja," akasema.

"Hiyo ina maana gani?" Bi Ratiba akauliza, amekaa anasugua nyayo.

"Ina maana bikoni moja kati ya hizi mbili haiko pale ilipokuwa. Sijui ni ipi. Na ina maana makundi kumi na moja yaliyopata jibu la daftari hayakulipata kwa kupima."

Nilifunga mwavuli nikamtazama Bi Ratiba. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeona barabara yote iliyo mbele na kila shimo lake.

"Sawa," akasema. "Sasa, mbele ya kamati, nani aseme? Mimi naweza kukusemea. Wewe unaweza kujisemea. Au uandike, mimi nisome. Yote ni sawa."

"Nitasema mimi," Milimita akajibu. "Wewe utatia maneno ya huruma."

Siku zilizobaki walijiandaa. Bi Ratiba alimwandikia mwenyekiti wa kamati akiomba maswali yaletwe mapema kwa maandishi. Mwenyekiti akaja mwenyewe ofisini kwetu, amekunja uso. "Huo ni upendeleo," akasema.

"Wewe unavaa miwani," Bi Ratiba akamjibu. "Tukuvue miwani hiyo kabla ya kusoma, ili uwe sawa na wasiovaa?"

Maswali yaliletwa. Bi Ratiba aliazima ufunguo wa ukumbi wa kamati, wakaenda mara mbili ukiwa mtupu, Milimita akachagua kiti cha dirishani, akakaa pale mpaka akakizoea.

Siku ya kamati mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu, kwa hiyo sisimulii ya kusikia. Watu saba mezani, Chuma akiwa wa tatu kutoka kushoto. Milimita alikaa dirishani akatazama nje, na wajumbe wawili wakanong'onezana kwa sababu hiyo. Bi Ratiba akasema kwa ile sauti yake, "Anasikiliza. Endeleeni."

Swali la kwanza lilikuwa kwa nini aliliacha kundi.

"Niliombwa kusaini namba ambazo hazikupimwa," Milimita akasema. "Nilikataa. Nikashikwa bega, nikaondoka. Kuondoka bila kutoa taarifa lilikuwa kosa, na njia sahihi ilikuwa kumwambia msimamizi. Sikuweza kuongea kwa wakati ule. Sasa nina kadi iliyoandikwa kwamba siwezi kuongea, nitaionyesha mara nyingine." Akaiinua kadi, akairudisha mfukoni.

Kisha akatoa kurasa za vipimo vitatu, akazipitisha mezani. Akaeleza kama alivyoeleza kwenye nyasi, bila kumtaja mtu jina, bila kupandisha sauti. Alipofika kwenye makundi kumi na moja, wajumbe wakamgeukia Chuma. Maana yule aliyekuwa ameyapa makundi kumi na moja alama za juu alikuwa amekaa pale pale.

Chuma alichukua zile kurasa. Alizisoma moja moja, mstari kwa mstari, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Nilidhani atafoka. Nilikuwa nimeshaandika "mkuu wa idara alipinga," nangoja tu afungue mdomo.

"Mshika rula alikuwa nani?" akauliza.

"Mimi," Bi Ratiba akasema.

"Wewe si mpimaji."

"Ndiyo maana."

Chuma alikunja kurasa, akazitia mfukoni mwa koti. "Nipeni mpaka kesho," akasema, akatoka.

Kesho yake saa nane mchana alikuja ofisini kwetu. Suruali ilikuwa na vumbi mpaka magotini na shingo imeungua jua. Alikuwa amepima mwenyewe, kutoka bikoni ya tatu iliyo ng'ambo ya uwanja. Lori lililokuwa likileta mchanga wa bweni jipya liligonga bikoni ya maktaba, ikazama, majani yakaota, na hakuna aliyejua. "Thelathini na moja," akasema, amesimama mlangoni kwetu kama mwanafunzi aliyeleta fomu. "Nimefundisha miaka ishirini na miwili. Makundi kumi na moja yaliniletea jibu nililotaka, na mimi nikafurahi. Huyu mmoja aliniletea jibu lililokuwepo, nikamwandikia barua." Akauliza binti yuko wapi. Bi Ratiba akamwambia Milimita anapatikana Jumanne saa nne na robo, na Chuma akaandika saa ile kwenye kiganja chake.

Alikuja. Alimwambia, "Nilikosea." Milimita akasema, "Ndiyo," wakaendelea na mambo mengine.

Msidhani mambo yote yalinyooka. Chuma alifuta matokeo ya makundi yote, kila mtu akarudia kazi kwenye jua la mwezi mkali kuliko wa kwanza, na darasa zima likamnunia Milimita kwa muda mrefu. Kuna walioacha kukaa meza moja naye. Yule wa kofia hajamwomba radhi mpaka leo. Spika alikuja, akaongea nusu saa, na Milimita akamwambia dakika mbili za mwanzo zingetosha. Wakawa marafiki, wa namna yao.

Alimaliza chuo mwaka uliofuata. Leo anafanya kazi ofisi ya ramani, chumba cha hesabu, na nasikia vipimo vya wapimaji wazee hupitia kwake kabla ya kwenda popote, nao humwogopa kidogo. Bi Ratiba yuko pale pale mwisho wa korido. Walitaka kumpandisha cheo akakataa, kwa sababu ofisi mpya ilikuwa ghorofa ya juu na wanafunzi wake wawili hawapandi lifti, na ngazi zake zina msongamano. Mimi nimestaafu, lakini nikimkumbuka hujiona nilibahatika kukaa nje ya mlango ule.

Siku ya mahafali Milimita hakwenda. Vipaza sauti, matarumbeta, watu elfu mbili. Alisema hapana mapema, kwa maandishi. Mama yake alikuwa ameshashona gauni, na ilimuuma, nisifiche. Basi Bi Ratiba akapanga cheti kichukuliwe Jumatatu kwenye dirisha la masijala, korido ikiwa tupu. Mama alikuja amevaa vizuri kuliko watu wote wa mahafali. Milimita akasaini, akakagua kama herufi za jina lake ziko sawa, akakiweka kwenye bahasha ya plastiki. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanacheza, furaha imemjaa haina pa kutokea.

Milimita alimtazama. "Mama," akasema, "unaweza kupiga vigelegele viwili. Subiri kwanza nizibe masikio."

Akaziba. Mama akapiga cha kwanza. Cha pili alikivuta mpaka madirisha ya ghorofa ya juu yakafunguliwa na watu wakachungulia, na Bi Ratiba pembeni yangu alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

Milimita akashusha mikono. "Tayari," akasema. "Sasa twende nyumbani."